Barua kwa mwanangu Sidi, kabla hajapanda ndege ya Bangkok

Mwanangu Sidi,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako, na leo sisemi hivyo kwa desturi ya barua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunagombana. Nikisema neno moja umeshajibu matatu, mtandao unakatika, kila mtu anabaki akidhani mwenzake amemkatia. Hapa mpakani Malaba foleni ya malori haisongi, tanboi wangu, msaidizi wa lori, amelala, na daftari langu la safari lina kurasa tupu. Nikimaliza nitazipiga picha nikutumie. Usome zote. Usisome ya kwanza ukaniandikia "sawa baba".

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita ulisema shule utakayofundisha Kiingereza iko Rayong. Nikaitafuta Rayong kwenye ramani ya simu, nikaiona, mji wa pwani kusini-mashariki ya Bangkok, hata nikamwambia mamako angalau kuna bahari. Karatasi zote ulizoombea viza ya Thailand zilikuwa za shule ya Rayong, na viza ikatoka kwa karatasi hizo. Juzi ukaniandikia kijuujuu, katikati ya habari za sanduku na viatu, kwamba wakala amesema sasa utaenda Khon Kaen. Khon Kaen imetoka wapi? Nani kaamua? Ile shule ya Rayong imekukataa, au haikuwahi kukutaka?

Unaniambia ni kawaida, kwamba mawakala wa huko huwagawa walimu wanavyoona, shule ikipata mtu mwingine wanakusogeza kwingine. Inawezekana. Lakini mzigo wenye karatasi za Kampala ukishushwa Eldoret, anayelala ndani ni dereva, ajenti humkuti humo. Kibali cha kazi cha huko kinaandikwa jina la mwajiri na mahali pa kazi. Ukikutwa unafanya kazi bila kibali, ni faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwenu. Hayo ulinieleza wewe mwenyewe, siku ulipokuwa ukinionyesha jinsi ulivyosoma kila kitu hadi chini. Basi rudi ukasome tena, safari hii ukiwa na jina la Khon Kaen mkononi.

Halafu naona wanakuharakisha. Shule zao zinafunguliwa katikati ya Mei, hilo nimelielewa, na wewe unaruka Alhamisi. Lakini haraka hiyo ni ya nani? Mimi mtu akiniharakisha mpakani najua kuna karatasi hataki niisome.

Kwa hivyo nataka kitu kimoja kabla hujapanda ndege. Nataka barua ya shule ya Khon Kaen. Ya shule, Sidi, si ya wakala. Iwe na muhuri, jina la mkuu wa shule na nambari ya simu ya ofisi. Kisha uipige hiyo simu. Wakijibu Kithai usikate, taja jina lako, taja Kenya, sema mwalimu wa Kiingereza, ataitwa mtu wa kusema nawe. Umwulize darasa gani wanakupa, vipindi vingapi kwa wiki, na nani anashughulikia kibali chako. Shule inayomngojea mwalimu inajua majibu hayo.

Najua umeshakunja uso. Baba ameanza tena na Myanmar. Ndiyo, nimeanza tena. Wale Wakenya waliorudishwa nyumbani kutoka Myawaddy, kule Myanmar, mwaka 2025 hawakuwa wajinga. Wengi ni vijana waliosoma, wenye vyeti kama vyako. Waliahidiwa kazi Thailand, huyu huduma kwa wateja, yule mauzo, mwingine kufundisha Kiingereza hichohicho. Wakashuka Bangkok, wakapokewa vizuri na dereva mpole, gari likashika njia ya Mae Sot, wakavushwa mto Moei, na upande wa pili wakajikuta nchi nyingine mikononi mwa watu wenye bunduki. Kazi ikawa kukaa mbele ya kompyuta usiku kucha wakijifanya wanawake warembo wenye pesa, wakiwaliwaza watu wa Marekani na Ulaya hadi wawatoe akiba zao. Asiyefikisha kiwango alipigwa. Februari 2025 serikali ya Thailand ikakata umeme, mafuta na intaneti inayokwenda ile miji ya mpakani, na mwezi huohuo watu kwa maelfu wakaanza kutolewa, Wakenya wakiwemo. Oktoba jeshi la Myanmar likavamia kambi moja kubwa, KK Park, watu wakakimbia kuvuka mto kurudi Mae Sot. Nimefuatilia yote hayo kwenye redio ya lori, na kila wakisema "Wakenya" mimi napunguza mwendo.

Na linaloninyima usingizi ni hili. Wale watu wakija Afrika hawamtafuti kijana yeyote tu. Wanamtafuta anayeandika Kiingereza safi, maana Kiingereza kibovu kitamshtua yule wanayetaka kumtapeli. Ile A yako ya KCSE ambayo mamako aliitangaza soko zima la Mariakani, ndiyo hiyo wanayoitaka.

Sasa sikiliza, maana hapa nasema jambo ninalolijua. Barabara ndiyo kazi yangu. Nimekaa na ramani nikazipima zote mbili. Khon Kaen iko kaskazini-mashariki ya Bangkok, kama kilomita 450. Mae Sot iko kaskazini-magharibi, karibu 500. Mwendo unakaribiana, kwa hivyo saa utakazokaa garini hazitakwambia kitu. Mabasi ya pande zote mbili yanatoka stendi moja, inaitwa Mo Chit. Utakachotegemea ni vibao vya barabarani, navyo vimeandikwa kwa herufi zetu pia. Barabara yako, kuanzia Saraburi, ni nambari 2, wanaiita Mittraphap. Utapita Saraburi, kisha Nakhon Ratchasima ambayo wenyewe huiita Korat, kisha Ban Phai, halafu umefika. Yaandike majina haya kwenye karatasi. Simu huisha chaji.

Ukiona Nakhon Sawan, gari limeshika njia nyingine. Ukiona Kamphaeng Phet au Tak, shuka. Sijali kama ni usiku, sijali kama dereva anakwambia anachukua mwenzako kwanza. Mwambie unataka kutapika, hakuna dereva anayekataa kusimama kwa neno hilo, nakwambia mimi. Shukia kituo cha mafuta chenye taa na duka, ingia ndani, simama karibu na mwenye kaunta, upige 1155. Hiyo ni polisi ya watalii na wanasikia Kiingereza. Kisha ubalozi wetu Bangkok. Kisha mimi. Mimi niwe wa mwisho, maana nikiwa huku sina nitakalokufanyia zaidi ya kupiga kelele.

Na bora zaidi usipande gari la mtu. Wakala amesema atatuma dereva uwanja wa Suvarnabhumi. Mshukuru, mwambie utajifikisha. Khon Kaen kuna uwanja wa ndege na ndege za kutoka Bangkok zipo. Nauli hiyo ni yangu, nimeshamwambia bosi aikate kwenye marupurupu ya safari hii. Usiniambie ni ghali. Nimeuliza.

Mamako anasema namwona kila mtu mwizi. Si kweli. Dereva huyo wa wakala anaweza kuwa mtu mwema, ana watoto, anaswali au anakwenda hekalu lao. Lakini dereva hupeleka anapoambiwa, na akiwa na shida ya pesa haulizi sana. Ada yako ya mwaka wa tatu hukuuliza ilitoka wapi, na tangi la lori halisemi. Basi.

Pasipoti. Nilikwambia usimpe mtu, ukanijibu kwamba shule nyingi huichukua siku mbili tatu kwa ajili ya kibali na kuirudisha. Labda. Nikueleze kitu ambacho nyumbani sijakisema, kwa sababu mamako angenikataza njia ile. Kuna mpaka mmoja, sitautaja, mtu alichukua pasipoti yangu akasema dakika tano. Jioni nikamfuata, nikamkuta anakula. Akavuta droo ya chini kabisa. Mlikuwa na pasipoti vifungu vifungu, zimefungwa kwa mipira ya kufungia noti, za Kenya, za Uganda, za Eritrea, nyingine pembe zimeshajikunja. Akalamba kidole chenye mafuta ya nyama akaanza kuzipekua huku anatafuna, kifungu baada ya kifungu, akirudisha kila kimoja pole pole. Akasema yako haimo, njoo kesho. Nikalala chini ya trela. Nina lori la mamilioni na kontena limefungwa sili, na sikuthubutu kuvuka barabara kununua maji, maana askari akiniuliza mimi nani sina cha kumwonyesha. Kesho yake ilikuwa imo kwenye droo ileile. Niliilipia.

Kwa hivyo wakisema inakwenda uhamiaji, nenda nayo. Iweke mezani kwa mkono wako, ngoja, iondoe kwa mkono wako. Ni mali ya serikali ya Kenya, imeandikwa humo humo, waonyeshe. Toa nakala za rangi, moja abaki nayo mamako, moja ndugu yako Katana, nyingine iwe kwenye mfuko mwingine usio wa pasipoti. Na nakala ya ile viza ujitumie pia kwa barua pepe.

Tena nikuulize. Kwa nini shangazi yako wa Mtwapa alijua habari za Thailand kabla yangu? Nilizisikia kwake, msibani, mbele ya watu, nikajifanya nazijua. Unasema uliogopa nitakataa. Ni kweli ningekataa. Lakini ningekataa nikiwa nimeambiwa.

Kuhusu kuiacha ile shule, sikulaumu kwa kuiacha. Serikali ilikuweka mwanagenzi wa sekondari msingi kwa shilingi 20,000 kabla ya makato, mkataba ukaisha, bodi ya shule ikakuchukua kwa 8,000, na mwezi mwingine hata hizo hazikuja. Digrii ya ualimu ya Chuo Kikuu cha Pwani unayo, nambari ya usajili wa ualimu ya TSC unayo, kazi ndiyo huna. Mtu wa namna hiyo akiondoka simshiki shati. Ninachokulaumu ni kuwaacha wale watoto wa gredi ya nane katikati ya muhula bila kuwaaga. Mmoja alimwuliza Katana gengeni kama umekufa.

Sitaki udhani ninaidharau kazi yako. Hili hulijui. Siku ile niliyokuletea chaja, mlinzi aliniruhusu nikafika hadi nje ya darasa. Dirisha lilikuwa wazi. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu nyuma kabisa, umemwambia asome, hasomi, anatazama kitabu tu, na wenzake wameanza kucheka. Mimi ningempiga. Wewe ukatoka mbele, ukawaambia wenzake waendelee na zoezi lao, ukaenda ukabana naye kwenye benchi lile dogo, ukaweka kidole chini ya mstari, mkasoma pamoja, wewe kwa sauti ya chini na yeye kwa sauti ya chini zaidi. Alipomaliza ule mstari ulisogeza kidole tu, hukumsifu wala hukumtazama. Nikampa mlinzi chaja nikaondoka. Jioni ukaniuliza mbona sikuingia, nikasema nilikuwa na haraka ya mizani. Haraka ya mizani haikuwepo.

Huko utapata madarasa ya watoto 40 na zaidi, kwa hivyo kidogo utakuwa nyumbani. Nimeangalia video za Wakenya wanaofundisha kule. Saa mbili asubuhi wote uwanjani, bendera inapanda, wimbo wa taifa, na mwalimu mgeni anasimama wima na wenyeji. Watoto wanakukutanishia viganja kifuani na kuinama. Watakuita kwa jina lako la kwanza, Mwalimu Sidi, hawana habari na jina langu. Watataka kukushika nywele. Wewe usimshike mtoto kichwani, kwao kichwa kina heshima yake, na najua mkono wako ulivyozoea kupapasa vichwa vya watoto. Vilevile usimwelekezee mtu nyayo ukikaa.

Lakini lile la mshahara limeniuma. Matangazo uliyonionyesha yanataka mwenye pasipoti ya Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand, na Afrika Kusini imetiwa mwishoni. Kenya haimo. Yaani wewe uliyesomeshwa kila somo kwa Kiingereza, ukachukua digrii ya kukifundisha, unatakiwa ufanye mtihani wa kuthibitisha unakijua, na kijana wa Manchester aliyesomea kitu kingine kabisa hatakiwi. Kisha mnakaa chumba kimoja cha walimu na yeye anakupita kwa maelfu ya baht. Sisi tulivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiduruma uwanjani, tukaambiwa Kiingereza ni cha kila mwenye bidii. Kumbe kina wenyewe.

Hata hivyo usianze vita hivyo mwezi wa kwanza. Ingia, fundisha, wazazi wakujue, mkuu wa shule akujue. Wewe una kitu ambacho wengi wa wale hawana, digrii ya ualimu. Ulizia leseni kwenye baraza lao la walimu, Khurusapha, usiridhike na ile ruhusa ya muda wanayowaombea wasio na leseni. Mwenye leseni anaweza kwenda mwenyewe shuleni akaomba kazi bila wakala, na hahamishwi leo Rayong kesho Khon Kaen kwa ujumbe wa WhatsApp. Naona nimerudi palepale. Nitarudi tena.

Angalia na mkataba wenyewe. Mawakala wengi huandika miezi 10 au 11, ili ule mwezi wa likizo wasikulipe. Wako unasemaje? Ukurasa wa tatu ulioupiga picha ulikuwa na kivuli cha kidole chako, sikusoma. Baht 25,000 ni karibu shilingi laki moja, na mimi nakujua, umeshazigawa zote kichwani: mkopo wa chuo wa HELB, chama cha mamako, simu ya Katana. Mwezi wa kwanza usitume hata senti. Chumba kitataka kodi na amana, utataka feni, sufuria, nguo za kazini, wanasema mwalimu wa kike huko hutakiwa sketi inayopita magoti na viatu vilivyofunika. Weka akiba ya nauli ya kurudi kabla hujamnunulia mtu kitu. Iwe kwako, usimpe mtu akuwekee. Ukiwa na nauli ya kurudi huwezi kushikwa na maneno. Na ukiacha kazi, ujue ruhusa yako ya kukaa inakatika na kazi hiyo, usije ukabaki ukijihesabia kwamba muhuri bado una miezi. Ukizidisha siku ni baht 500 kila siku.

Sasa mdomo. Juni 2024 ulikuwa barabarani Mombasa na bango, mimi nakuona kwenye simu ya tanboi. Nilikutukana siku ile kwenye simu, na tanboi nikamwambia, huyu ni wangu. Lakini Thailand hujaenda kuandamana. Wana kifungu cha 112, mtu akimtusi mfalme au malkia au mrithi wake ni kifungo cha miaka 3 hadi 15, na wanahesabu hata kitu ulichokiandika au kukisambaza mtandaoni. Usicheke, usitie alama ya kupenda, usijibu. Wenzako wakianza mazungumzo hayo chumbani, wewe una madaftari ya kusahihisha. Hata noti yao usiikanyage ikianguka, ina picha yake.

Wali hutakosa. Nimebeba magunia ya mchele wa kwao kutoka bandarini hadi Kampala, unanukia hata turubali ikiwa imefungwa. Upande wa Khon Kaen wanakula ule wa kunata, kwa mkono. Pilipili yao wanasema haina mzaha, na tumbo lako unalijua.

Mambo ya nyumbani. Masika imeanza na lile bati la juu ya chumba chako limeachia msumari, maji yanaingia kwenye kona ya vitabu. Mchwa nao wamepata nafasi. Katana amevihamisha vitabu kwenye gunia, lakini nimesikia gunia lenyewe ameliweka sakafuni, kwa hivyo mwambie aliweke juu ya meza, mimi nikimwambia anasema ndiyo halafu hafanyi. Mbuzi yule mweusi amezaa pacha. Mmoja mamako amemwita Thailand, na mimi sitamwita hivyo.

Presha ya mamako imepanda tena. Anasema ni joto. Dawa anakatisha katikati ili zifike mwisho wa mwezi, nimeligundua hilo kwa kuhesabu vidonge, kwake usimwambie nimehesabu. Malipo ya bima ya afya ya SHA nimelipa ya mwaka, na bado zahanati wanamwambia dawa hazipo aende duka la dawa. Ukiongea naye usimwulize presha, muulize amekula nini, utajua tu. Na zile pesa za chama alizokukopea kwa jina lake, ukweli ni kwamba wanawake wenzake wameanza kuuliza. Sisemi utume mwezi wa kwanza, nimeshasema usitume. Mwezi wa pili wape wao kabla ya HELB. HELB wana ofisi na mawakili, wale wanakutana naye kisimani.

Katana anataka pikipiki ya mkopo. Nimekataa. Atakuja kwako. Ukatae pia, lakini ukatae kwa sababu zako, usimwambie baba amesema.

Alhamisi sitakuwepo. Nikivuka leo nashusha Kampala, nikirudi wewe umeshakwenda, na bosi sikumwomba ruhusa kwa sababu nimemwomba zile pesa za nauli na mtu haombi mara mbili. Panda treni Jumatano pale Mariakani, hiyo hiyo iliyotunyang'anya kontena, angalau ikubebe wewe. Kutoka stesheni ya Nairobi hadi uwanja wa ndege si mbali, lakini usichukue gari la mtu anayekufuata mlangoni. Sanduku la kilo 23 halipandi pikipiki ya rafiki yake Katana, asikudanganye. Nimeongea na mwenye Probox, anataka 500 hadi stesheni. Mpe 300, atanung'unika, ataendesha.

Na kabla hujamlipa wa Probox, kabla hujafunga hilo sanduku, nambari ya simu ya shule ya Khon Kaen. Ukishazungumza nao unitumie jina la aliyepokea, na mimi nitawapigia pia. Kiingereza changu cha mpakani kitatosha kuuliza kama wanamjua mtoto wangu. Wasipopokea Jumatatu wala Jumanne, tiketi inabadilishwa tarehe, nimewauliza, kuna faini na nitailipa.

Babako